Kiti Kikibaki



Ndugu zangu katika imani, wazazi wenzangu na nyinyi vijana wa chuo, kuna swali moja ambalo naulizwa karibu kila nikitoka msikitini: "Ustadh, hivi ile tiketi ya mtoto wako ikoje?" Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa haja ya kweli. Nimechoka kujibu nusu nusu barazani, tena nikiiruka ile sehemu inayoniumiza. Basi leo nitaeleza yote, yenye kuchekesha na yenye kunitia haya.

Binti yangu mkubwa aliajiriwa na shirika moja la ndege mwezi Mei 2023, akiwa na miaka 22. Kazi yake ni kaunta ya abiria pale uwanja wa Kanombe: kupokea pasipoti, kupima mizigo, kutoa kadi ya kupandia ndege. Sikumpa ruhusa kwa urahisi. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na nilikuwa na maswali yangu kuhusu zamu za usiku, kuhusu mavazi, kuhusu watu atakaochanganyika nao. Alijibu yote kwa adabu, na lile ambalo hakulijua alikwenda kuliuliza mwenyewe akarudi na jibu. Mama yake naye akasema maneno mawili matatu jikoni, ambayo niliyasikia vizuri ingawa hakuniambia mimi. Nikakubali.

Miezi sita ya majaribio ilipokwisha, Novemba, alikuja nyumbani na karatasi ya marupurupu. Yeye na sisi wazazi wake wawili tuliruhusiwa kusafiri kwa ndege za shirika kwa sehemu ndogo ya nauli. Katika mashirika mengi punguzo hilo hufika asilimia 90, na yako mashirika yaliyofunga mikataba ya kubebeana wafanyakazi kwa bei zinazopangwa kwa kanda za umbali. Kodi na ada za uwanja hazisamehewi, unalipa kama mtu mwingine yeyote. Lakini hata ukijumlisha zote, kwa sisi ambao safari ya Dar es Salaam ni basi la kupitia Rusumo, mchana kutwa na usiku kucha na bado hujafika, miguu imevimba kama maandazi, habari ile ilikuwa kama ndoto.

"Lakini Baba," akasema, "tiketi hii haina kiti."

Sikumwelewa. Tiketi isiyo na kiti ni tiketi gani?

Akanifafanulia pale sebuleni, taratibu, kama ninavyowafafanulia watoto wa darasa la kwanza. Abiria aliyelipa nauli kamili amenunua kiti. Wewe umenunua ruhusa ya kusubiri kiti kikibaki. Wao wenyewe wanaiita standbai. Unaandikishwa kwenye orodha, unakuja uwanjani mapema kama wengine, unasimama pembeni. Kaunta ikifungwa ndipo wanapohesabu nani kaja na nani hakuja. Mashirika huuza tiketi kuzidi viti, kwa sababu siku zote wapo watakaochelewa au kuahirisha, kwa hiyo hata ndege iliyoandikwa kuwa imejaa huweza kubakiza nafasi. Na ndege iliyoonekana tupu jana huweza kujaa asubuhi, kwa kuwa nyingine imefutwa na abiria wake wamehamishiwa hiyo.

Na kiti kikiwapo, bado si chako. Uwanja wetu wa Kigali uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na siku ya joto ndege haiwezi kuruka na uzito wowote uutakao. Ikibeba mafuta ya safari ndefu na shehena ya kutosha tumboni, huondoka na viti vitupu juu, na wewe ukabaki chini na begi lako. Hilo lilinistaajabisha. Nilidhani kiti kitupu ni kiti kitupu.

Kisha ipo foleni ya wao kwa wao. Anayesafiri kwa kazi ya shirika anatangulia. Baada yake wafanyakazi wenyewe, mwenye miaka mingi kazini mbele ya mwenye michache. Baada yao jamaa za wafanyakazi. Taratibu hutofautiana kati ya shirika na shirika, lakini kwao ndivyo zilivyokuwa, na binti yangu ni mgeni kazini, nami ni baba wa mgeni kazini.

"Yaani mimi ni wa mwisho," nikasema.

"Wa mwisho kabisa, Baba," akajibu akicheka, na mama yake akacheka zaidi.

Karatasi ile ilikuwa na masharti. Vaa nguo za heshima. Chukua begi dogo la mkononi. Usimwambie abiria wa jirani umelipa kiasi gani. Usilalamike kaunta. Uwe na pesa ya kununua tiketi ya kawaida endapo utakwama. Na mwisho, kwa herufi nzito, kwamba mwenendo wa jamaa ni jukumu la mfanyakazi. Kifungu hicho nilikisoma haraka. Nitarudi kwake.

Habari za Nyamirambo husafiri bila tiketi. Wiki haikuisha. Mzee mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, aliniomba binti amwandike kuwa ni baba yake mkubwa. Kijana mmoja mfanyabiashara akaja na jambo zito zaidi: asafiri kwa nafasi yangu, atulipe nusu ya nauli kamili, nasi tubaki na faida. Nakiri kwamba hili la pili lilininyamazisha kwa muda mrefu kuliko unavyompasa mwalimu wa fiqhi. Paa la darasa la watoto wadogo lilikuwa linavuja, na nilishaanza kupiga hesabu ya mabati. Nikaanza pia kutafuta hoja: baba ana haki katika mali ya mwanawe, wanazuoni wamelizungumza sana jambo hilo, na kadhalika. Binti alinikata kabla hoja haijaiva.

"Si mali yangu, Baba. Ni yao. Wamenipa nitumie, hawakunipa niuze."

Tofauti hiyo naifundisha kila mwaka. Kumiliki kitu ni jambo moja, kuruhusiwa kunufaika nacho ni jambo jingine. Mgeni akikaribishwa chakula anakula mpaka ashibe, lakini habebi sahani akaiuze sokoni. Tena mkataba aliotia saini unasema mwenye kuuza anafukuzwa kazi, na Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba, bila kusema ni ile ya Waislamu kwa Waislamu tu. Ama kumwandika rafiki kuwa ni baba mkubwa, huo ni ushahidi wa uongo, hata kama karatasi ni ya ndege na si ya mahakama. Rafiki yangu alininunia mpaka Ramadhani.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Desemba 2023. Ninaye dada yangu mkubwa anayeishi Magomeni, Dar es Salaam. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na ndiye aliyenilipia masomo kwa kuuza vitumbua, ingawa hapendi nikilisema hilo mbele za watu. Nilikwenda Kanombe nimevaa kanzu na koti, kofia safi, begi dogo kama nilivyoagizwa, na kopo la lita moja la asali ya kumpelekea. Asali haikuvuka ukaguzi. Asali nayo inahesabiwa kuwa kimiminika, na kinachozidi mililita 100 hakiingii na begi la mkononi. Kopo likarudi kwa binti. Mimi jina langu liliitwa upesi, ndege ilikuwa na nafasi tele, wakanipa dirishani. Nilikaa nimeshika kofia kama mtoto wa Idd. Dada aliponifungulia mlango alitazama kwanza miguu yangu, akauliza mbona haijavimba.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Nilinuia niondoke Jumapili tarehe 17. Jumapili ndege ilijaa. Jumatatu ikajaa. Shule zimefungwa, watu wanakwenda kwao kwa Krismasi, kila kiti kina mwenyewe. Ikawa kila siku naaga, dada ananifungia maandazi kwenye mfuko, napanda bajaji hadi Terminal 3, nasimama pembeni na wenzangu wa pembeni, naambiwa samahani, narudi Magomeni na maandazi yangu. Siku ya tatu watoto wa mtaa walikuwa wananingoja. Nikishuka tu kwenye bajaji wanapiga kelele: "Ustadh hajaruka! Ustadh hajaruka!"

Wanafunzi wa darasa la juu, hapa pana mas-ala yenu. Msafiri hupunguza Sala za rakaa nne zikawa mbili, na ruhusa yake iko Suratun Nisaa, aya ya 101. Katika madhehebu yetu ya Shafii, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu yake ni ya mkaazi na atakamilisha. Mimi nilinuia chini ya hapo. Lakini sasa siku zimepita na sijui nitaondoka lini, na kila asubuhi nina matumaini kwamba ni leo. Wanazuoni walimjua mtu huyu kabla ndege hazijakuwapo: ni yule aliyezuiliwa na haja anayotarajia kwamba itakwisha wakati wowote. Kwa Shafii ataendelea kupunguza hadi siku kumi na nane. Wako waliosema hana mpaka, na hutaja habari ya Ibn Umar (R.A.), aliyezuiliwa na theluji huko Azerbaijan miezi sita naye akipunguza. Kwa hiyo uwanjani nikisali peke yangu nilisali mbili. Msikitini Magomeni, nyuma ya imamu ambaye ni mkaazi, nilisali nne pamoja naye. Na ile siku ya kwanza pale Kanombe, kabla sijapanda, sikupunguza kitu. Uwanja ule uko ndani ya mji wetu, na anayesubiri jina lake liitwe bado yuko kwao. Hapo wengi hukosea, wakidhani kushika pasipoti mkononi ndiyo safari.

Niliruka Alhamisi tarehe 21. Mwenzangu aliyenishikia darasa siku zote hizo alisema hakuna neno, kwa sauti ya mtu mwenye maneno mengi.

Cha ajabu ni jinsi nilivyosahau. Baada ya mwezi sikukumbuka tena bajaji wala zile samahani, nikakumbuka dirisha tu. Nikaanza kusema "ndege yetu." Kwenye harusi moja nilimwambia mtu kwamba siku hizi kwenda Dar kwangu ni kama kushuka mjini. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mwaka 2024 dada akaambiwa na madaktari kwamba atafanyiwa upasuaji wa tumbo, Jumatatu tarehe 15 Aprili. Mume wake alishatangulia mbele ya haki, mwanawe mmoja yuko Muscat na mwingine yuko Mwanza na kazi isiyompa ruhusa. Nikampigia: "Nije?" Akasema, "Njoo." Neno moja. Dada yangu si mtu wa kuomba.

Idd ilikuwa Jumatano tarehe 10. Ilikuwa pia wiki ya maombolezo, miaka 30 tangu mauaji ya kimbari ya 1994, na wageni wengi waliokuja Kigali kwa kumbukumbu ya tarehe 7 walikuwa wanarudi makwao, pamoja na watu wa Idd. Mwenye akili angejua hali ya ndege. Binti alijua bila kukisia, kwa sababu ndiyo kazi yake. "Baba, safari hii nunua tiketi. Nimeangalia, hakuna nafasi."

Nalo hili ndilo naliandika kwa tabu. Pesa nilikuwa nayo. Nilikuwa na akiba niliyoiweka kwa ajili ya mlango wa chuma wa nyumba. Nikamwambia tutajaribu Ijumaa, ikishindikana tutajaribu Jumamosi, riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Ubahili wangu nikauita tawakkul. Yeye akanitazama, akaniandikisha.

Ijumaa jioni sikupata. Jumamosi tulikuwa sita pembeni. Nilisimama saa tatu. Kaunta ikafungwa, msimamizi akaja na karatasi yake, akaita jina moja tu. Akatoka kijana mwenye waya za simu masikioni, ambaye nilimwona kwa macho yangu akifika nusu saa baada yangu. Nikauliza kwa nini. Msimamizi akanijibu kwa upole kwamba yule ni mfanyakazi, na mimi ni mzazi wa mfanyakazi. Nilijua. Nilielezwa sebuleni kwangu mwezi wa Novemba. Lakini dada yangu alikuwa analazwa kesho yake, na sauti yangu ikapanda.

Nilisema mimi ni mtu mzima. Nilisema mimi ni mwalimu wa dini. Nilisema ndugu yangu anapasuliwa, na huyu anakwenda kutembea, wakati sikujua hata anakwenda kufanya nini. Nikasema na mimi nimelipa pesa, nikaitaja pesa yenyewe, kiasi kamili. Karibu nasi palikuwa na familia iliyolipa nauli kamili, na walikuwa na tatizo lao la mizigo. Wote wakageuka. Mmoja akamwuliza mwenzake, "Kasema ngapi?"

Msimamizi hakubishana nami. Alichukua kalamu, akatazama orodha, akaandika jina. Jina aliloliandika halikuwa langu. Lilikuwa la binti yangu.

Jumapili nilinunua tiketi ya kawaida ya shirika jingine, kupitia Nairobi, kwa bei ya siku ya mwisho, karibu faranga laki tatu. Mlango wa chuma wote ukaondoka, na kidogo nikakopa kwa shemeji. Nilifika Dar usiku wa manane. Asubuhi waliniruhusu kumwona dada dakika chache kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Akafumbua macho, akasema, "Umechelewa." Kisha akasema, "Umekula?"

Alitoka salama, alhamdulillah, na yuko hai, na hajaacha kunikumbusha. Siku zile mbili kabla ya upasuaji zilitakiwa karatasi, zikatakiwa dawa za kununua nje, akatakiwa mtu wa kuchangia damu. Vyote alivihangaikia jirani yake, mama mmoja wa watu asiye na udugu nasi. Mimi mwenye damu ileile nilikuwa nimesimama Kanombe na begi dogo.

Huku nyuma, Jumanne, binti aliitwa ofisini. Walimpa barua ya onyo, na marupurupu ya safari yakasimamishwa miezi sita, yake na yetu sisi wazazi. Niliporudi hakuniambia. Alinipokea, akaniuliza hali ya shangazi yake, akanipikia chai. Nilikuja kuambiwa na mama yake baada ya wiki mbili, tukiwa tunakula, naye aliniambia na jambo la pili ambalo lilinifanya niweke kijiko chini. Mwezi wa Julai binti alikuwa amepanga likizo yake aende kwa shangazi yake akaone bahari.

Hajawahi kuiona. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, maji makubwa anayoyajua ni ya Ziwa Kivu. Karibu mwaka mzima alikaa kaunta ile akiwapa watu kadi za kwenda Mombasa na Zanzibar na Dubai, na yeye mwenyewe hakuwa amepanda ndege ya kwenda kokote kwa ajili yake. Siku zake za mapumziko zilimkuta amelala kwa uchovu wa zamu. Marupurupu yalikuwa ya mfanyakazi mpya, lakini tangu Novemba aliyeyatumia ni baba yake peke yake. Wala sikuwahi kumwuliza: na wewe je, ungependa kwenda wapi?

Sisi tulilelewa kwamba baba hakosei, na akikosea ananunua nyama. Basi nilinunua nyama. Akaila, akashukuru, na hali ikabaki palepale. Siku nne baadaye nilimngoja alfajiri anarudi kutoka zamu ya usiku. Nilikuwa nimetoka kusali, bado niko kwenye mkeka. Nikamwambia: "Mwanangu, nilikuvunjia heshima mbele ya wakubwa wako, na kanuni nilizijua. Unisamehe."

Akavua viatu kwanza. "Yamekwisha, Baba." Akafika mlango wa chumba chake, akageuka. "Lakini ulitaja bei."

"Nilitaja."

"Bei ndiyo iliyowauma zaidi." Akacheka kidogo, akaingia kulala.

Kwa msimamizi nako nilikwenda, kwa miguu yangu, siku ambayo binti hayuko zamu ili asione. Alinipokea vizuri. Yule kijana mwenye waya masikioni, aliniambia, ana miaka minane kazini.

Basi nyinyi mnaoniuliza, na hasa vijana wetu wanaoajiriwa sasa katika kazi hizi, mimi nasema hivi. Tiketi ile ni nzuri na ni halali yako, na usiione aibu. Lakini ni fadhila, haina dai. Kwenye jambo lenye haki ya mtu ndani yake, mgonjwa, maziko, mtihani, viza yenye siku za kuhesabu, nenda na tiketi yenye kiti, na kama huna uwezo panda basi mapema. Umra wengi wananiuliza. Katika misimu ya Ramadhani na Hijja ndege za huko hujaa pomoni, na yako mashirika yanayozifunga kabisa kwa tiketi za wafanyakazi. Ukienda nyakati za kawaida, uwe na nauli kamili ya kurudia mfukoni, usije ukawa mzigo kwa watu wa Jeddah. Na nyinyi wazazi, kabla hamjamwambia mtoto awaandikishe, mwacheni aanze yeye. Nimelisema hili nyumbani kwa jirani yangu mwezi uliopita, mwanawe kapata kazi ya kuhudumia ndege, akanikatia kauli kwamba mtoto hajalalamika. Nikamwambia wangu naye hakulalamika.

Miezi sita ilikwisha Oktoba. Novemba 2024 binti alipata likizo ya siku tano, akasema twende wote wawili kwa shangazi. Mama yake alikuwa na kazi ya mitihani shuleni, akabaki. Tukasimama pembeni, mimi na yeye, safari hii nikiwa nimeshika ulimi wangu kwa meno. Asali ilikuwa kwenye begi la kupimwa, nimeifunga mwenyewe kwa mifuko mitatu. Kaunta ikafungwa. Msimamizi alikuwa yuleyule. Akatazama karatasi, akatutazama sisi, akasema kuna kiti kimoja, akaita jina la mfanyakazi.

Binti akanigeukia. "Nenda wewe, Baba. Shangazi anakungoja wewe."

Nilimwambia kiti si cha kugawana, kimeitwa kwa jina lake, na geti linafungwa. Akasimama bado. Nikamwambia baba yake anamwamuru. Hapo akaenda, mbio, mtandio unapepea, na begi lenye asali likaingia kwenye mkanda likapotea. Nami nikapanda basi la kurudi Nyamirambo, nikawahi darasa la baada ya Alasiri.

Kesho yake jioni alipiga simu. Nilisikia upepo mwingi na kelele za watoto, na yeye mwenyewe hasemi kitu. Nikamwita. Akasema, "Baba, haina ng'ambo."

Nikamwambia ng'ambo ipo, ila iko mbali.

Kisha shangazi yake akampokonya simu, akauliza ni nani aliyefunga asali ile, maana nguo zote za mtoto zimelowa.